Chai Nayo ni Chakula

Mwaka jana nililala wodi hii hii, hapa Bombo,
kitanda cha dirishani.
Wakanipa karatasi: weka dole gumba.
Nikaweka. Wino ulikauka
kabla sijajua nimekubali nini.

"Usile," wakasema. Sikula.
Alfajiri nikanywa chai ya rangi, glasi moja,
na kipande cha muhogo ambacho hata sikukihesabu.
Saa mbili daktari akanivua gauni lao la kijani
kwa maneno tu: "Huyu hasikii. Arudi kwao."

Hasikii!
Mimi ninayesikia korona ikibadili mlio
kwa singa moja iliyokwama
(korona ya mkonge, mashine yetu ya Pongwe,
iliyoitwa hivyo kabla ugonjwa haujaliiba jina).

Nikarudi na mshipa wangu.
Kijiweni wakanifunza bure:
watakata vyote, Mhina, urudi na sauti ya zumari;
mbona Shekalaghe hakuamka?
Kumbe Shekalaghe aliondoka na pepopunda,
shambani, mbali na kisu cha mtu yeyote.
Lakini ajuaye akinyamaza,
asiyejua ndiye khatibu.

Mwaka mzima nikavaa kanzu pana,
nikaswali safu ya nyuma, ubavuni mwa nguzo.

Safari hii kuna Sista Tunu,
Mdigo wa Mkinga, mfupi, mwenye sauti ya sokoni.
Akavuta kiti, akakaa.
Mwaka jana hakuna aliyekaa.
Akachana mfuko wa khaki wa maandazi,
akachora kwa kalamu ya bluu:
"Maji yako hapa. Tutafungua hapa,
padogo, kama njiti ya kiberiti.
Na hivi viwili," akavizungushia duara, wala hakucheka,
"ni vyako. Vinabaki vyako."

Nikashusha pumzi niliyoibana tangu mwaka jana.

Wala hakuniuliza, "Umeelewa?"
Swali hilo kila mgonjwa ana jibu lake mfukoni:
ndiyo, sista. Ndiyo, sista.
Alisema, "Mkeo atataka kujua.
Haya, mimi ndiye mkeo. Nieleze."

Wodi nzima ikaangua kicheko.
Nikajikohoza. "Mama Sauda,
kesho nachomwa sindano ya mgongo,
miguu italala, mimi nitabaki macho.
Nisile kitu tangu saa sita usiku."
"Na chai?"
"Chai... kidogo tu."
"Mume wangu, umeniua!
Tumbo likiwa na kitu, mwili ukilegea, kitu kile hupanda.
Kikipanda, hushukia njia ya pumzi.
Chai nayo ni chakula. Haya, anza upya."

Nikaanza upya. Mara tatu.
Na hapo nikakumbuka kazi yangu mwenyewe.
Kijana mgeni akija kiwandani
simwambii "usiguse" nikaenda zangu.
Namwonyesha majani yanavyomezwa,
namwacha asikie upepo wa yale meno usoni,
ndipo namwambia: sasa nionyeshe
mkono wako utaishia wapi.
Katazo lisilo na sababu ni ukuta wa makuti;
mtu hupenya akidhani ni mlango.

Sasa ni saa kumi na moja alfajiri.
Sista Tunu katoka zamu.
Kitanda cha pili kuna kijana aliyeletwa usiku,
Semboja, wa Muheza, naye ni wa kisu leo.
Dole lake lina wino.
Anafungua chupa polepole, asiniamshe,
harufu ya tangawizi inanifikia kabla ya salamu.

Nateremsha miguu, sakafu baridi.
"Kijana. Hebu weka chini hiyo chupa.
Hapana, sijaja kukukataza.
Sogea kidogo nikae.
Una kalamu?"